Tairi Nililomkalisha Mkwe Wangu

Nyie vijana mtakaosoma haya, someni mpaka mwisho kabla hamjacheka. Najua mtacheka. Bibi mzima, mnene kama mimi, anakaa juu ya tairi la lori linalojazwa upepo, na watu wanampigia makofi! Chekeni mkishamaliza. Mimi mpaka leo nikilikumbuka jambo lile natafuta pa kukaa, na hapo pa kukaa siku hizi nachagua.

Nyumba yetu iko Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani. Ni nyumba ya zamani, vyumba sita, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Kulia na kushoto wameshapandisha maghorofa, sisi tumebaki chini kama kigoda katikati ya makabati. Upande mmoja wa baraza nauza supu na chapati. Upande wa pili mwanangu wa mwisho anaziba pancha na kubadilisha matairi ya magari makubwa. Malori yanayoleta vitunguu, viazi na mchele kutoka mikoani yakishashusha, dereva anakuja kwetu. Yeye anakunywa supu, gari lake linatazamwa miguu. Ndivyo tulivyokula, ndivyo tulivyosomesha.

Shule mimi niliishia darasa la nne. Lakini kwa kukaa pale barazani nimeyajua magonjwa ya tairi kama mkunga anavyoyajua matumbo ya wake za watu.

Lori zito nyuma linavaa matairi mawili mawili kila upande, moja la nje, moja la ndani. La nje kila mtu analiona. La ndani limejificha, na hilo ndilo lenye hila. Likiishiwa upepo, mwenzake wa nje anabeba mzigo wa wote wawili, gari linaendelea kwenda, dereva anapiga mluzi. Yote mawili yanapata moto. Ukija kulitoa la ndani unaona nje zima, ndani limejisaga, ukilipindua unamwagika unga mweusi wa mpira kama masizi ya sufuria. Ndiyo maana dereva anayeijua kazi yake hashuki bila kipande cha nondo mkononi. Anazunguka gari akigonga tairi moja moja. Lenye upepo linamjibu. Lisilo na upepo linapokea kofi kimya.

Wapo wengine wakisimama njiani wanashika tairi, wanalikuta gumu na la moto, basi wanasema upepo umezidi, wanaupunguza. Mwanangu amegombana na madereva kwa jambo hilo mpaka sauti imemkauka. "Haukuzidi, umepata joto tu! Likipoa litakuwa legevu, na mzigo wako ni uleule!" Hawasikii. Na mzigo wenyewe ni wa lumbesa, gunia limejaa, juu yake limevalishwa kilemba limejaa tena. Tairi linabebeshwa tamaa za watu ambao halijawahi kuwaona.

Hayo yote niliyajua. Mnaona basi kwamba sikuwa mtu wa kudanganywa na tairi. Sasa sikilizeni nilivyodanganyika.

Malori ya zamani yana rimu za ringi. Tairi linavishwa kwenye rimu, halafu linafungiwa na ringi ya chuma, pana kama kiganja, inayokaa kwenye mfereji wake kuzunguka. Ringi ikikaa sawasawa, tairi limefungwa. Isipokaa, tairi halijafungwa, hata kama macho yako yanakuambia limefungwa. Mwanangu alikuwa analilaza tairi chini, ringi juu, anachomeka mpira wa kompresa, na upepo ukiingia ringi inaanza kuinuka upande mmoja. Anaigonga kwa nyundo. Inakaa huku, inainuka kule. Ili isiinuke alitaka uzito juu yake. Uzito wa mtaa mzima alikuwa mama yake.

Ilianza kwa mzaha. Siku moja aliniambia, "Mama, hebu kaa hapa kidogo," nikakaa, ringi ikatulia, tairi likajaa. Wabeba mizigo waliokuwa wanakunywa supu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo ikawa kazi yangu. Nikitoka ndani najifunga kanga vizuri, wao wanaanza:

"Jeki la mtaa hilo linakuja!"

"Bibi, na gari letu likikwama Jangwani tutakufuata!"

"Nifuateni na hela ya supu mliyokunywa jana bila kulipa," ndivyo nilivyokuwa nikiwajibu, na wao wanakufa kwa kicheko.

Sitawaficha, nilipenda. Mwanamke akishazeeka watu wanamwona kama kiti cha ukumbini. Mimi nilikuwa naitwa. Nilikaa juu ya matairi yale nikihisi yanavimba chini yangu, nikiona nafanya jambo la maana.

Basi mwanangu akaoa. Akatuletea binti wa kutoka huko kanda ya ziwa, mrefu, mkimya, amemaliza kidato cha nne. Mkono wake wa chapati ulikuwa mzuri kuliko wangu, hilo sikumwambia. Jambo moja tu lilikuwa linanikera. Kwao mwanamke akimsalimia mkubwa anapiga magoti. Si kuinama kidogo, la, magoti mpaka chini. Hapa Kariakoo! Kwenye vumbi na maganda ya machungwa! Mzee akipita na fimbo yake, yeye anaacha alichoshika, anakwenda mbele, anapiga magoti: "Shikamoo, baba." Watu wa mikokoteni wanasubiri njia.

"Shemeji, huku hakuna mtemi!" walikuwa wakimtania.

Na mimi namwambia, "Mwanangu, mjini salamu ni ya mdomo. Magoti waachie wa sala."

Anajibu, "Sawa, Mama." Kesho yake anapiga tena.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, supu imekolea. Mjukuu wangu, mtoto wao wa kwanza, alikuwa amelala ndani, bado ananyonya. Alikuja mzee mmoja dereva, nywele nyeupe, ana lori la zamani la vitunguu. Alimwambia mwanangu tairi moja la ndani nyuma limelegea, litazamwe. Yeye akaenda msikitini mara moja kunawa uso na kupumzika.

Mwanangu alilitoa, akabadilisha mpira wa ndani. Alipolipindua ule unga mweusi ulimwagika. Niliuona kwa macho yangu. Nikasema, "Hilo limetembea bila upepo." Akasema, "Kidogo tu, Mama, litafaa." Nikanyamaza, maana nilikuwa na chapati motoni. Akalivisha kwenye rimu, akaweka ringi, ringi yenyewe ina kutu na imepinda kidogo kwa nyundo za miaka, akafungulia kompresa. Halafu akaita:

"Mama! Njoo utusaidie!"

Magoti yangu asubuhi ile yalikuwa yamevimba. Nikamgeukia mkwe wangu, alikuwa anakata vitunguu.

"Nenda ukakae wewe."

Akaacha kisu. Akatazama tairi, akanitazama mimi. "Mama, naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Linalia."

"Linalia nini?"

"Sijui, Mama. Linalia kama chungu chenye ufa."

Wale wabeba mizigo wakacheka. Na mimi nikicheka na watu huwa nazidisha. Nikasema, "Mtu amesoma mpaka kidato cha nne anaogopa mpira! Mimi wa darasa la nne nimekalia haya tangu hujui njia ya kuja Dar. Au ni uvivu? Sema kama ni uvivu, tukujue."

Maneno yale niliyasema mbele ya watu. Aliona haya. Akajifunga kanga, akaenda, akakaa juu ya tairi, mikono ameishikanisha mapajani kama mtu aliyekaa kwa daktari. Mwanangu akaanza kugonga ringi. Kompresa inanguruma. Nikamwona mkwe wangu amefumba macho. Nikasema moyoni, atazoea.

Hapo yule mzee dereva akatokea anarudi, anavuka barabara kuja kwetu.

Mkwe wangu alifumbua macho, akamwona. Akainuka.

Nilishangaa kwa hasira. Aliinuka pale juu ya tairi, akapiga hatua nne, tano, akamfuata yule mzee mpaka ukingo wa baraza, akapiga magoti kwenye vumbi. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema.

Nami nikapaza sauti yangu yote: "Rudi ukae! Salamu hata ukikaa inafika! Rudi—"

Sikumaliza.

Nimesikia mabomba yakipasuka, nimesikia ukuta wa ghorofa jirani ukibomolewa. Hakuna kilichofanana na ule mlio. Haukuingia masikioni, uliingia kifuani. Vumbi likapanda jeupe, nikawa sioni mkono wangu. Kitu kikapita juu, bati la baraza likapiga kelele kama mnyama, mwanga wa jua ukashuka ghafla pale ambapo hakujawahi kuwa na jua. Tairi lenyewe liliruka, likajipindua hewani, zito lile linalobebwa na watu wawili, likaangukia benchi la wateja wangu, benchi likawa kuni.

Vumbi lilipotulia niliona mambo moja moja, kama mtu anayewashiwa taa chumba kwa chumba. Sufuria ya supu imelala. Wabeba mizigo wamelala kifudifudi, wale wale wacheshi. Mwanangu yuko ukutani, amekaa, mkono wake wa kulia umeelekea upande ambao mkono hauelekei. Alikuwa ameinama kusoma saa ya kompresa, ile inayoonyesha kiasi cha upepo, kichwa kikasalimika, mkono wenye nyundo ukabaki mbele. Nyundo hatukuiona tena mpaka leo.

Na pale alipokuwa amekaa mkwe wangu palikuwa na shimo ardhini, la ukubwa wa beseni.

Yeye alikuwa bado amepiga magoti pale pale mbele ya mzee, mikono masikioni, kanga yake nyeupe kwa vumbi. Nikamwita. Akageuka akanitazama. Alikuwa hasikii kitu, masikio yameziba kwa mlio. Aliona midomo yangu tu inacheza. Akaanza kuinuka, akasema kwa sauti kubwa kama wanavyosema viziwi:

"Naenda kukaa, Mama. Samahani. Naenda kukaa."

Wallahi, nimezika mume, nimezika watoto wawili. Sijawahi kusikia neno likanikata vile. Nilimrukia, mimi na magoti yangu mabovu, nikamshika mabega, nikamkalisha chini kwa nguvu, halafu nikaona nimemkalisha tena, nikamwinua. Sikujua nimfanye nini. Nilikuwa namwinua na kumkalisha kama mwendawazimu.

Watu walijaa. Wengine walidhani transfoma imelipuka. Mnajua walichofanya? Walitoa simu. Mwanangu amekaa ukutani na mkono uliovunjika, mtu mmoja anamwambia mwenzake, "Sogea kulia, jua linakupiga." Nilichukua mwiko nikawapitia. Ringi yenyewe ilikuwa imetoboa bati, ikapanda juu, ikaja kuangukia mkokoteni wa vitunguu upande wa pili wa barabara. Mwenye mkokoteni alikuwa ameenda kununua maji. Alirudi akaikuta imejichimbia katikati ya gunia, bado ina joto, akakaa chini akaanza kulia, mwanaume mtu mzima.

Yule mzee dereva alipita katikati yao. Aliufunga mkono wa mwanangu kwa ubao na shuka, taratibu, kama aliyewahi kufanya hivyo. Halafu akaenda kulitazama tairi. Akaingiza mkono ndani, akautoa mweusi.

"Kosa la kwanza ni langu," akasema. "Chalinze nilishika matairi, yakanichoma. Nikapunguza upepo. Nimeendesha miaka mingi na bado nilipunguza. Hili la ndani likalegea zaidi, nikalivuta hivyo hivyo mpaka hapa. Ubavu wake umekufa."

Halafu akamtazama mwanangu. "Na huyu binti alikuwa amekaa hapo kwa nini?"

Mwanangu akasema, "Uzito, mzee. Ringi isiinuke."

Mzee alicheka, lakini si kicheko cha furaha. "Uzito! Umeona ilichofanya kwenye bati? Mtu pale juu ni jani. Na ringi ikiinuka haigongwi tairi likiwa na upepo, unatoa upepo wote unaanza upya. Aliyekufundisha hakukuambia?"

"Aliniambia."

"Kizimba chako cha chuma kiko wapi? Hakuna fundi wa ringi asiye na kizimba. Unaliweka tairi ndani, unasimama mbali, unajaza kwa mpira mrefu. Ringi ikitoka inakamatwa na nondo. Chako kiko wapi?"

Mwanangu akatazama chini. Nikaona anatazama chini ili asinitazame mimi.

"Nakuuliza, baba. Aliyekufundisha hakukuachia kizimba?"

"Aliniachia."

"Kiko wapi?"

"Uani," mwanangu akasema. Halafu kwa sauti ndogo, "Mama anafugia kuku."

Jamani. Lile bati lililotoboka lingeniangukia, ningeshukuru.

Ni kweli. Mwalimu wake alipostaafu alimletea lichuma kubwa la nondo nene, zimechomelewa kama kitanda kilichokunjwa. Niliuliza ni la nini. Akasema la kujazia tairi, ni usalama. Nikamwambia, "Mwanaume mzima unaogopa tairi? Linaziba baraza, wateja wangu watakaa wapi?" Nikalivutisha uani na wabeba mizigo hao hao, nikalizungushia wavu, nikaweka kuku. Lilikuwa banda zuri. Paka halipenyi. Nililisifia kwa majirani. Na mwanangu, kwa heshima ya mama, akanyamaza, akabuni dawa ya uzito. Dawa ikawa mimi, na siku mimi nilipoumwa magoti, dawa ikawa mke wake.

Yule mzee alinitazama, akataka kusema, akaona nywele zangu, akameza maneno. Heshima hiyo iliniuma kuliko angenitukana.

Hospitali walimfunga mwanangu plasta, wakasema mfupa utaunga. Mkwe wangu masikio yalianza kufunguka jioni ya siku ya pili. Mpaka hapo tulikuwa tunamwonyesha kwa mikono. Alinyonyesha mtoto wake, akafagia vipande vya benchi barazani, hakunilaumu kwa neno wala kwa jicho. Nilimsubiri anilaumu. Kila alipofungua mdomo nilishika ukuta. Aliuliza tu chumvi iko wapi, maji yamekatika au la. Wabeba mizigo walikuja na bakuli zao wakakuta sijapika. Mmoja alitaka kuanza, "Bibi, jeki la mtaa..." mwenzake akamkanyaga mguu.

Nilikaa siku tatu sijafungua biashara. Nilikuwa naenda uani natazama kuku wangu wamelala kati ya nondo zile, wamenenepa, salama salimini. Kila kuku mahali pake palikuwa pa mwanangu. Halafu nakuja barazani natazama lile shimo la ukubwa wa beseni. Nahesabu hatua kutoka shimo mpaka ukingo wa baraza. Ni tano. Nimezipima kwa miguu yangu, tano za mtu mrefu, kwangu mimi saba. Mimi ningekuwa nimekaa pale nisingeinuka. Kwa nani? Nani mkubwa kwangu Kariakoo niinuke nimsalimie? Ningebaki pale juu, nikingoja shikamoo za wengine.

Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, niliwaita wote uani. Mwanangu na plasta yake, mkwe wangu na mtoto mgongoni, wapangaji wetu wa vyumba vya nyuma, hata wale wabeba mizigo niliwaambia waje, kwa kuwa wao ndio walionipigia makofi. Walisimama pembeni ya banda. Mwanangu akaanza kusema, "Mama, yaliyopita—" nikamnyamazisha kwa mkono.

Nikasema: "Kuku watoke humo sasa hivi. Wakatieni wavu, wapeni boksi, wawili wachinjwe mkashibe, hilo halinihusu. Kizimba kinarudi barazani leo, mahali pa benchi langu, na wateja watakula wamesimama. Tairi la ringi likijazwa upepo nje ya nondo hizi, mwenye kulijaza ahame nyumba hii, awe mwanangu, awe nani. Wewe mwanangu, nikikuambia upuuzi kwenye kazi yako, unikatalie usoni. Na wewe, mkwe wangu, unanisikia sasa, masikio yamefunguka? Siku nikikutuma jambo unaloliogopa, useme unaogopa, kama ulivyosema. Nikikucheka mbele ya watu, useme tena. Nikipiga kelele, niache nipige. Usikae."